Kwa Nini Stoo Yetu Inaitwa Muda

Walimu wenzangu, siku ile mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, shuka mbili na keki ambayo jina langu lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Nashukuru kwa vyote. Saa nimeitundika sebuleni hapa Mountain View na inakwenda mbio kidogo, kama vile haijaambiwa kwamba nimestaafu.

Kilichonifanya nichukue kalamu, hata hivyo, si saa wala keki. Karamu ilipokwisha, Mwalimu Kevin, kijana mchapakazi asiyeishiwa na maneno, aliwaagiza watoto wa darasa la sita wabebe viti wavirudishe Muda. Nikamuuliza kama anajua kwa nini stoo yetu inaitwa Muda. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Si ni juu vitu zinawekwa huko kwa muda, Madam, kabla zitupwe?"

Nilicheka pamoja na wengine. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani lile neno "zitupwe" lilinifuata, kwa maana Kevin alikuwa amekaribia ukweli kuliko alivyodhani. Sitawaandikia habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na mnavijua, na mshahara wangu mnaujua zaidi kwa kuwa ndio wenu. Nitawaandikia habari za Muda, kwa sababu wiki ileile ya mwisho nilisikia katika mkutano wa walimu jambo ambalo nitalifikia mbele.

Nilipangiwa shule yetu ya Parklands, hapa Nairobi, nikiwa msichana mbichi kutoka chuo cha ualimu, wakati mfumo wa nane-nne-nne ulikuwa bado mpya na kila mtu aliusema vibaya kama mnavyousema vibaya huu wenu. Magorofa haya yanayotuchungulia darasani hayakuwapo. Palikuwa na nyumba pana zenye bustani, hekalu upande mmoja, msikiti mbele kidogo, na magari ya wazazi wachache tu langoni asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Ndirangu, mtu mpole wa Kiambu aliyevaa suti ya kijivu siku za kazi na suti nyingine ya kijivu siku za wazazi. Alinipa boksi la chaki na rejista, akanyoosha kidole dirishani kuelekea bondeni, ng'ambo ya uwanja, akasema, "Wewe utakuwa wa Muda."

Nyumbani Bungoma walikuwa wameshanichinjia kuku kwa kuwa nimeajiriwa kazi ya kudumu, na sasa huyu mzee ananiambia mimi ni wa muda. Nilivuka uwanja nikitunga barua ya kuwaeleza wazazi wangu. Ni mpaka nilipofika kwenye lile jengo na kusoma maandishi ya rangi nyeupe iliyofifia juu ya mlango, DARASA LA MUDA, ndipo nilipoelewa kwamba mimi nilikuwa wa kudumu, na walioitwa wa muda walikuwa watoto.

Jengo mnalijua: mabati juu, ukuta wa mawe hadi kiunoni, na mbao zilizozibia mahali palipokuwa wazi zamani. Mvua ikinyesha humo husikii hata mawazo yako. Nilijifunza kufundisha hesabu kwa vidole na midomo wakati wa masika, na nikajifunza kulipaka ubao rangi kwa unga wa betri kuukuu uliokorogwa na makaa, kwa sababu rangi ya ubao iliyoletwa shuleni iliishia kwenye jengo kuu, huko juu ya uwanja. Kengele ya umeme ilikuwa huko juu pia. Sisi hatukuisikia, basi tulichelewa kufika gwaride kila Jumatatu na tukasimama nyuma, karibu na ua wa michongoma, na kila Jumatatu tukahimizwa kushika wakati.

Watoto wenyewe walikuwa wa darasa la kwanza hadi la nne. Wengi walikuwa watoto wa wapishi, mayaya na walinzi waliofanya kazi katika zile nyumba pana na kulala katika vyumba vya nyuma, na wengine walipanda kutoka mabanda ya Kangemi kwa miguu. Hakuna mtu aliyesema kwamba wametengwa. Lilikuwa suala la lugha tu, ndivyo tulivyoambiwa. Mtoto mpya aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akaonyeshwa picha za kadibodi, basi, lori, dirisha, mwavuli, akatakiwa kuzitaja kwa Kiingereza. Akitaja sawasawa anakwenda juu. Akikosea anakuja kwetu Muda mpaka Kiingereza chake kinyooke.

Nilipoanza kuchunguza nani anakosea nini, niliona jambo la ajabu. Mtoto wa Kangemi akiitazama ile picha ya lori na kusema "rori", alikuja kwangu. Mtoto wa Kihindi wa nyumba pana akiitazama picha ya dirisha na kusema "vindow", mwalimu mkuu alitabasamu akasema atazoea. Wote wawili walikuwa wamesema kama mama zao. Lakini mmoja alitarajiwa kuzoea na mwingine hakutarajiwa, na hapo ndipo palipokuwa na ukuta wote wa shule yetu, ingawa hakuna aliyeupiga lipu.

Bwana Ndirangu hakuwa mtu mbaya, na naomba msimfikirie hivyo. Alilikuta Muda likiwapo akaliendeleza, kama mnavyoendeleza nyinyi mambo mengi mliyoyakuta. Jambo moja tu lilitufurahisha sisi walimu. Yeye mwenyewe alikuwa na vita na herufi L, ambayo ulimini mwake iligeuka R. Aliikwepa herufi hiyo kwa ustadi mkubwa; lori alilitaja kama gari kubwa, na Limuru, ambako ndiko kwa wakwe zake, alikuita huko kwenye chai. Picha ya lori aliinyanyua tu bila kuitaja.

Aliyenifundisha kazi ni Madam Sharda, mwalimu wa Kihindi aliyefundisha darasa la tano huko juu. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa na tabia ya kuvuka uwanja saa ya chai akiwa na chupa yake mwenyewe ya chai ya tangawizi kuja kuninywesha mimi kule bondeni, jambo lililosemwa sana katika chumba cha walimu. Kiswahili chake hakikujali ngeli hata kidogo na kilieleweka na kila mtu.

Ni yeye aliyenieleza jengo lilikotoka. Alisoma hapahapa akiwa msichana, enzi za mkoloni, wakati shule ilikuwa ya watoto wa Kihindi peke yao na sheria ndiyo iliyotaka iwe hivyo: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. "Hii nyumba ilikuwa ya mayaya," aliniambia. "Sisi tuko juu tunasoma, wao wanakaa hapa na chakula yetu, wanangoja kengele." Uhuru ulipokuja na watoto wa Kiafrika wakaanza kuandikishwa, kamati ilisema madarasa yamejaa, basi wakae kwenye banda la mayaya kwa muda. Mtu fulani akaleta brashi na rangi akaandika juu ya mlango. Ule muda ulikuwa umekwenda tangu wakati huo, na watoto wale wa kwanza walikuwa na watoto wao sasa.

Nilimuuliza kama wazazi wake walisema chochote. Alikunywa chai yake kwanza. "Baba yangu alitaka kununua nyumba kule kwa Wazungu, wakamwambia Mhindi hapana. Alilia. Mimi nilimwona akilia. Halafu yeye huyo huyo alikaa kwa kamati hapa akasema madarasa yamejaa." Kisha akainuka akaenda kufuta ubao wangu ambao haukuhitaji kufutwa. Nilimhurumia, na nilikasirika pia, na sikujua nifanye nini na hasira yenyewe kwa kuwa mtu wa kuikasirikia alikuwa ameshakufa.

Kifaa bora kuliko vyote nilivyowahi kuvitumia darasani nilikipata kwake, na nakirithisha kwenu bure. Ni kipande cha karatasi, chembamba kama utambi. Unakishika mbele ya midomo na kusema P: karatasi inaruka. Unasema B: inatulia. Sisi watu wa Bungoma, kama mnavyopenda kututania, tunasafiri kwa pasi kwenda Pungoma. Madam Sharda alinikalisha kwenye dawati la darasa la kwanza, mimi mwalimu mzima mwenye cheti, akanishikia karatasi mpaka nikaacha kuirusha. Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mimi nami nikawashikia karatasi watoto wangu, na asiyekuwa na karatasi nilimfundisha aweke kiganja mbele ya midomo na kusikiliza pumzi.

Katika watoto hao alikuwapo Nekesa. Mama yake alikuwa yaya na mpishi katika nyumba moja pana karibu na hekalu, na wawili hao waliishi chumba cha nyuma. Baba hakuwapo, na sikuuliza. Nekesa alikuwa amelelewa jikoni na uani pamoja na Hina, binti wa nyumba ile, wa rika lake. Kila asubuhi wasichana hao wawili walikuja wakiwa wameshikana mikono, wakipiga soga kwa Kigujarati, Nekesa akikisema kama aliyezaliwa nacho. Wakifika uwanjani wanaachana. Hina anapanda juu, Nekesa anateremka kwangu. Siku ya mtihani wa picha Hina alikuwa amesema "vindow", na Nekesa alikuwa amesema "pas" kwa basi.

Nilimpenda mtoto yule bila kuficha. Alikuwa na masikio. Kitu chochote ulichokisema mbele yake alikirudisha kama kilivyo, sauti, kikohozi na yote, na nilimkanya mara nyingi kwa kuniiga mimi mbele ya wenzake. Alipofika darasa la nne Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi waliokaa juu. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Muda liliishia darasa la nne. Mwisho wa mwaka mtoto alionyeshwa picha tena. Wachache sana walipanda kwenda la tano. Wazazi wa waliobaki waliambiwa juu kumejaa, wakapewa uhamisho wakatafute shule nyingine.

Mama Nekesa alikuja Muda jioni moja baada ya watoto kuondoka, aproni bado iko chini ya sweta. Alikuwa ameshaambiwa ofisini aanze kutafuta shule. Alisimama mlangoni, nikamkaribisha kwa lugha ya kwetu Bungoma, maana naye ni wa huko, naye akanijibu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la mjini.

"Mwalimu, akitoka hapa sina pahali. Kazi naanza asubuhi sana, siwezi mpeleka mbali. Itabidi nimrudishe ushago."

Nikamwambia labda kwa nyanya yake huko kijijini atatunzwa.

"Nyanya alituacha mwaka jana. Ushago hakuna mtu, ni nyumba tu."

Usiku ule niliona mambo mawili tu: mtoto mwenye masikio yale akiwa peke yake katika nyumba isiyo na mtu, na mama yake akimpikia Hina. Kesho yake saa ya chai nilimweleza Madam Sharda. Hakuonyesha kushtuka. Alifunga chupa yake ya chai vizuri, akaniambia tutaomba mtoto asikilizwe upya, si kwa zile picha, maana picha watoto wote walikuwa wameshazikariri, bali kwa kitabu. Darasa la tano ni lake, alisema, na anayetaka kuingia humo afanyiwe mtihani kwa kitabu cha humo. Bwana Ndirangu alikubali bila ubishi. Alikuwa mtu wa haki, na ombi lilikuwa la haki.

Ofisini tulikuwa watano: mwalimu mkuu nyuma ya meza yake, Madam Sharda na kitabu, mimi, Mama Nekesa kwenye ncha ya kiti, na Nekesa amesimama katikati, soksi zimevutwa mpaka magotini. Madam Sharda alikifungua kitabu akamwekea mwalimu mkuu ukurasa mbele yake. Mpaka leo sijui kama aliuchagua ukurasa ule kwa makusudi. Nilimuuliza kila mwaka mpaka alipostaafu, na kila mwaka alinijibu kwamba kitabu kilijifungua chenyewe.

Sentensi ilisema, "The big lorry left Limuru." Lori kubwa liliondoka Limuru: L tatu, na kwa wakwe zake humohumo. Bwana Ndirangu aliitazama kwa kitambo. Hakukuwa na namna ya kusema gari kubwa. Akamwambia Nekesa, "Sema kama nasema," kisha akavuta pumzi akasoma, "The big rorry reft Rimuru."

Nekesa aliinua kiganja mbele ya midomo yake kama nilivyomfundisha. B ya "big" ilitoka safi, haikupuliza hata unyoya. Halafu, kama mwanafunzi mtiifu, akasema vile alivyoambiwa. "The big rorry reft Rimuru."

"Hapana," alisema mwalimu mkuu kwa upole. "Sikia vizuri. Rorry."

"Rorry."

"Si rorry. Rorry."

"Rorry," alirudia Nekesa, na safari hii aliweka hata ule uzito wa sauti ya Kiambu mwishoni. Mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari. Madam Sharda alikuwa amevua miwani, akiifuta kwa upindo wa sari yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Nilikuwa nimeogopa sana, niseme kweli, kwa sababu mtu mzima akiaibika mbele ya watu anaweza kufanya jambo lolote, na ambaye angeumia ni mtoto yule.

Mama Nekesa hakujua Kiingereza. Alichokisikia ni sauti mbili tu, na kwa masikio yake zilikuwa sauti moja. Aliuliza kwa heshima kabisa, akitaka kuelewa, "Mwalimu, si amesema vile umesema?"

Bwana Ndirangu alimtazama mama, akamtazama mtoto, akakitazama kitabu. Akakifunga. Kicheko kilimwanzia mbali, tumboni, na kilipofika juu mabega yalikuwa yakitikisika. Alijifuta macho kwa leso, na alipoacha kucheka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Basi hata mimi ni wa Muda," alisema.

Kisha akanyoosha tai yake, akarudi kuwa mwalimu mkuu, akatoa uamuzi. "Aende juu. Kwa muda. Tutaona."

Tulitoka. Tulipofika katikati ya uwanja nilianza kulia, na Madam Sharda akanipa chupa ya chai niishike ili nipate kazi ya mikono. Nekesa alikuwa ameshatangulia mbio kwenda kumwambia Hina. Mama yake alinishika kiwiko. Alitaka kuuliza jambo ofisini lakini aliona haya.

"Mwalimu, hiyo kwa muda, ni mpaka lini?"

Nilimwambia tuombe Mungu, jibu ambalo mwalimu hutoa asipokuwa na jibu.

Januari Nekesa alikaa darasa la tano, dawati moja na Hina. Madam Sharda aliwapanga hivyo kwa makusudi, na hilo hakulikana. Alishikilia kwamba mtoto anayehitaji lugha akae karibu na mtoto asiyenyamaza. Walinong'ona Kigujarati mpaka wakaadhibiwa, wakahamia Kiingereza ili wasigunduliwe, na hapo ndipo wote wawili walipokijua. Mama Nekesa alikuja kila mwisho wa muhula kumuuliza mwalimu mkuu kama muda umekwisha. Kila muhula Bwana Ndirangu alijibu, "Bado." Nadhani walizoeana kwa jibu lile.

Mambo mengine yalifuata bila kelele. Mayaya huzungumza, tena huzungumzia kwenye nyua za nyumba zile, na mwaka uliofuata mama wengine walifika ofisini, kila mmoja akitaka na wake apande kwa muda. Mwalimu mkuu asingekubali kuuvunja utaratibu wa shule kwa siku moja. Alikuwa mtu wa kamati na mihuri. Lakini kwa muda aliweza kuruhusu chochote. Akamruhusu huyu, akamruhusu yule. Zile picha za kadibodi zikakosa wa kuzitazama. Darasa la nne likahamia juu, la tatu likafuata, mpaka siku moja nilijikuta nabeba rejista na boksi langu la chaki kuvuka uwanja kwenda kufundisha mahali ambapo kengele inasikika. Muda likabaki na madawati yaliyovunjika. Mvua ilifuta maneno DARASA LA, ikabakiza MUDA, na mwisho ikafuta hata hilo, mkabaki nalo midomoni tu.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Kenyatta Market kusukwa nywele, na nikipita kwenye mabanda ya nyama choma nikasikia naitwa kwa jina la kazi. Alikuwa Bwana Ndirangu, amestaafu, amevaa sweta badala ya suti, kijivu vilevile. Alinikaribisha mbavu na kachumbari. Hakuuliza habari za shule, wala za matokeo, wala nani mwalimu mkuu siku hizi. Aliuliza, "Na yule msichana wa rorry?" Hakuikwepa herufi hata kidogo. Nilimwambia yuko chuo cha udaktari, maabara, naye akakatakata nyama yake vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema kwamba alipokuwa mtoto, shule ya wamishonari, alichapwa kwa ajili ya herufi ile mpaka akaacha kusema darasani. Alisema hakuwahi kuliunganisha jambo hilo na picha zake mpaka siku ile mama alipouliza. Tulikula. Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

Nekesa mwenyewe yuko katika hospitali moja hapo Parklands. Presha yangu ilipopanda nilipelekwa kupimwa damu, na aliyeingia na sindano alikuwa yeye. Alinichoma bila huruma yoyote ya kizamani. Nilipokunja uso aliniambia, "Vumilia, Mwalimu. Ni kwa muda," na akacheka kwa sauti yangu mwenyewe, ileile niliyomkanya asiiige.

Sasa nije kwenye ule mkutano wa wiki ya mwisho. Mnakumbuka. Tumepokea watoto ambao wazazi wao wamekimbia vita katika nchi jirani. Wengine wanajua Kifaransa, wengine Kiarabu, wengine lugha ambazo hata jina hatujui, na Kiingereza chao ni kidogo. Madarasa yamejaa kweli. Mimi mwenyewe nimefundisha nikiwa nimesimama mlangoni kwa kukosa pa kuweka mguu. Naibu wa mwalimu mkuu akapendekeza stoo isafishwe, watoto hao wawekwe huko pamoja mpaka wakishike Kiingereza. Kevin akaunga mkono, na najua aliunga mkono kwa moyo mzuri. "Ni ya muda tu, Madam," aliniambia aliponiona nimemtazama. "Wakishaelewa elewa, tunawarudisha."

Sikusema kitu. Nilikuwa mtu wa kuondoka Ijumaa, na nilijua nikifungua mdomo sitaufunga. Ndiyo maana nimeandika. Nimewaeleza habari za kile kipande cha karatasi. Nimewaeleza habari za dawati la Hina. Yule binti wa Kikongo aliyekuja na kaka yake mdogo, anayeimba peke yake wakati wa mapumziko, mwekeni karibu na Wambui wa darasa la nne, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, kisha mje mniambie baada ya mihula michache.

Jambo moja la mwisho. Nilikabidhi kila kitu nilichopewa na serikali: vitabu, rula ya ubao, hata ile stepla isiyofanya kazi. Ufunguo wa stoo sikuukabidhi. Uko hapa, umetundikwa chini ya saa mliyonipa. Kufuli lenyewe ni la zamani na mnaweza kulivunja kwa jiwe, siwezi kuwazuia. Lakini mkiutaka ufunguo, njooni Mountain View, geti la kijani, chai ya tangawizi ipo. Sitawagombeza. Nitawauliza tu swali la Mama Nekesa, lile nililoshindwa kulijibu pale uwanjani: hiyo kwa muda, ni mpaka lini?